Masese, Aliyengoja Jua Lizame

Mwaka mzima umekatika, Masese, tangu ulipotutoka, na bado mama akikoroga uji wa wimbi anakoroga wa kukutosha na wewe. Hatumkatazi. Unabaki kwenye sufuria, kaka yako Ochoki anaumaliza asubuhi akienda kazini.

Mimi dada yako Sheila ndiye niliyepewa kalamu kwa niaba ya nyumba nzima, maana unawajua watu wako: maneno wanayo wote, wa kuyaandika hayupo. Tata, baba yetu, alisema yeye si mtu wa magazeti. Haya basi. Lakini tangu nianze amesimama nyuma ya kiti changu na ile miwani yake ya mguu mmoja, anasoma kila mstari, na pumzi yake naisikia shingoni.

Anasimama hapo kwa sababu kuna jambo anataka lisomwe na kila mtu, kuanzia hapa Nyamache hadi Masimba hadi Nyamira kwa kina mama. Wapo ambao hadi leo wanasema ulikufa kijana kwa sababu uliimba jukwaani siku ya Sabato. Walisema hivyo msibani, wakiwa na chai yetu mkononi. Tata anataka jina lako lisafishwe, na ameniambia nisipitishe juujuu.

Ulipewa jina la babu, Masese, lakini vijana wa Kisii walikujua kwa jina la Lesoni. Wengi walidhani ni jina la mtaani tu. Kumbe ni kile kijitabu cha masomo ya Sabato ulichokibeba mfuko wa nyuma wa suruali mpaka kikajikunja kama kiganja. Mama alikuwa akikuona unaketi nacho anapiga kelele, "Neno la Mungu unalikalia, wewe mtoto?" Nawe unasimama, unakitoa, unakipangusa vumbi, unakirudisha palepale.

Kuimba kulianzia shambani, kwenye chai. Wewe na mama, kila mtu na mstari wake, vikapu mgongoni, ukiyatamka maneno kwa mwendo wa kuchuma: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Ukipata ubeti mpya ulimpitishia mama bila kumwambia kwamba ni mpya. Mama akiendelea kuchuma kana kwamba hajasikia kitu, ubeti huo uliutupa. Akisimama na kusema, "Rudia hapo," huo ndio ulioenda studio. Nakumbuka siku aliyosimama muda mrefu mpaka msimamizi wa kituo cha chai akatuma mtu kuuliza kama kuna mgonjwa. Ulikuwa umesema:

Sina cheni ya dhahabu, mgongoni nina kikapu,
Haki yangu ilikuwa matambara, ya Bwana si maneno matupu.

"Nani amekufundisha hayo?" mama akauliza. Ukamwambia, "Wewe, ukiomba kwa sauti asubuhi ukidhani tumelala." Mama alicheka, halafu akalia, halafu akakukemea kwa kumchelewesha kupima majani.

Studio ilikuwa Kisii mjini, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Mwenyewe ni Jeconia Ochanda, Mkatoliki kutoka upande wa ziwa, mtu wa kucheka na wa kubishana. Kuta alizibandika trei za mayai kuzuia kelele, lakini kelele za soko la ndizi ziliingia vilevile, na ukisikiliza vizuri kwenye wimbo wako wa kwanza utasikia mtu akisema, "Shusha huo mkungu polepole!" Jeconia alitaka kuifuta sauti hiyo. Ukakataa. Ukasema huyo mpakiaji naye amehubiriwa, aachwe ndani.

Wimbo huo ulitembea, jamani. Nusu Ekegusii, nusu Kiswahili, na Sheng ya kuwashika vijana masikio. Ulichezwa redioni, ukachezwa kwenye maduka ya simu, na wanafunzi wa Nyamira waliuimba wakichota maji. Mimi nilikuwa nikipita stendi ya Masimba nasikia makanga wa magari wanaghani mistari ya kaka yangu, natembea polepole makusudi ili wanijue. Walinijua, wakaanza kuniita Mama Lesoni, na nilikuwa sijazaa hata mmoja!

Umaarufu haukukupanda kichwani. Uliwaita wapakiaji wa ndizi "mkubwa," wote, hata wale uliowazidi umri. Vijana wa boda boda waliokuwa wanakunywa ulikaa nao bila kuwahubiria, mpaka wao wenyewe wanakuomba uwahubirie. Ukija nyumbani Ijumaa ulipitia nyanya wa jirani kumpasulia kuni, maana Sabato hapasui, na mvua haijui Sabato.

Ijumaa hiyo ndiyo iliyokugharimu, Masese. Kila mtu wa muziki anajua kwamba shoo za maana ni Ijumaa usiku na Jumamosi. Wewe kuanzia jua la Ijumaa likizama hadi la Jumamosi lizame, maiki hukuigusa. Kuna mwandalizi mmoja wa Nairobi alikupigia simu kwa tamasha ambalo vijana wenzako wangeliendea kwa magoti. Ukamuuliza ni siku gani. Akasema Ijumaa, saa tatu usiku. Ukamwambia ahsante, hiyo ni siku ya Bwana tayari. Yule mtu alidhani umelewa. Jeconia alishika kichwa, akazunguka meza, akasema, "Mimi nimezaliwa ili Mungu anijaribu kwa mtu huyu."

Tata hakuyajua hayo. Unamjua baba yako: mzee wa kanisa tangu sisi tukiwa wadogo, besi ya kwaya, mtu ambaye Ijumaa mchana anakagua viatu vya kila mtu kama mkuu wa kituo. Muziki wako hakuupenda. Alisema mtu anayesifu hatembei huku na huku kama anayetafuta funguo. Lakini alikuvumilia, na mbele ya wageni alikuwa anasema "kijana wangu wa nyimbo," sisi tunaficha kicheko.

Halafu Mzee Nyangau, mzee mwenzake wa kanisa, akaleta bango kwenye baraza la kanisa. Lilikuwa na picha yako kubwa, tabasamu hadi masikioni, na chini yake: Jumamosi, kuanzia saa nane mchana. Saa nane! Sabato iko katikati! Wakakuita. Wakakuuliza kama ulikuwa uwanjani siku hiyo. Ukasema ulikuwepo, ila zamu yako ni ya mwisho kila mara, na hupandi jukwaani jua likiwa juu. Wengine wakaangaliana. Mmoja akacheka, "Kwa hiyo bango linasema uongo na wewe unasema kweli?" Ukasema ndiyo, bango ni la waandalizi, zamu ni yako.

Wote wakamtazama Tata. Tata aliogopa kuonekana anampendelea mwanawe. Hayo ndiyo maneno yake mwenyewe, ameniambia niyaweke. Akasema, "Mtoto wa mzee asipimwe kwa kibaba kingine," akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Ukawekwa chini ya nidhamu ya kanisa: hakuna kuimba mbele, hakuna kuomba hadharani, hakuna kufundisha vijana. Uliwashukuru, ukatoka, na jioni hiyo ulimkamulia Tata ng'ombe kama kawaida.

Hukuhama kanisa. Wangapi wangehama? Kisii mjini wangekupokea kwa vigelegele. Mama alikuuliza kwa nini unaendelea kuja kukaa pale kama mgeni. Ukamwambia, "Mama, hapa ndipo nilipobatizwa. Siku wakiniita mbele, nataka wanikute karibu." Ulitaka kuimba katika kanisa lako, kitu hicho kimoja tu. Majukwaa mengine yote ulikuwa unapasha sauti.

Sasa Masese, hapa Tata ameniambia niandike kila kitu, kwa hiyo nitakwambia na yale ambayo hukuyaona.

Sabato moja Tata alialikwa kuhubiri kwenye kanisa moja Kisii mjini. Baada ya chakula, wenyeji wake wanakunywa maji, akasikia spika kutoka uwanjani. Na bango alikuwa ameliona njiani: sura yako tena. Akaaga. Alitembea kwenda uwanjani kwa miguu yake, Biblia kwapani, suti ya mahubiri mwilini, na kichwani anapanga maneno. Alikuwa ameamua kupanda jukwaani na kukushusha kwa mkono mbele ya watu. Anasema hasira yenyewe ilikuwa tamu, kama mtu ambaye mwishowe atathibitisha kwamba hakukosea.

Akazunguka nyuma ya jukwaa, akasimama kando ya tangi la maji. Na hapo akakuona. Umeketi juu ya sanduku la spika, mgongo kwa umati, kijitabu chako mkononi. Jeconia yuko mbele yako anarukaruka.

"Lesoni, hawa watu wataenda! MC amemaliza utani wote aliokuwa nao, sasa anawauliza vitendawili!"

"Jua bado, ndugu yangu."

"Jua liko nyuma ya mawingu! Nani ataliona?"

"Aliyeliumba," ukasema, ukageuza ukurasa.

Jeconia akarusha mikono juu. "Kila wiki! Kila wiki mimi na wewe na jua!" Akaketi chini kwenye nyasi, akakaa kungoja pamoja nawe, kama alivyozoea.

Kila wiki. Tata anasema neno hilo lilimwingia mwilini kuliko mahubiri yoyote aliyowahi kuyatoa. Yale maneno yote aliyoyapanga yakamtoka. Akabaki pale, anaangalia milima pamoja nawe bila wewe kujua, na anasema hajawahi kuona jua linalochelewa kama lile.

Lilipozama, ulishuka kwenye sanduku, ukapiga magoti, na Jeconia Mkatoliki akapiga magoti pembeni. Ukaanza ule wimbo wa kufungia Sabato tunaouimba nyumbani, peke yako, kwa sauti ya juu, na mahali pa besi pakawa patupu. Tata hakukusudia. Anaapa hakukusudia. Lakini mtu aliyeimba besi hiyo kila jioni ya Sabato tangu ujana wake hawezi kuisikia nafasi yake ikipita. Besi ikatoka nyuma ya tangi.

Jeconia alishtuka nusura aanguke. Wewe hukugeuka. Ulimaliza ubeti wote, ukaomba, ukasema amina, ndipo ukasimama.

"Bwairire, Tata," ukamsalimu, kwa ile salamu yetu ya jioni.

"Bwairire," akajibu. Akakupangusa nyasi magotini kama ulivyokuwa mdogo, akasema, "Nenda. Wanakungoja."

Alisikiliza shoo yote, ulijua hilo? Alisimama palepale hadi mwisho. Alivyorudi nyumbani akamwambia mama, "Kelele ni nyingi sana. Lakini kijana hajavunja Sabato, hata kidogo." Mama akamuuliza, "Utawaambia lini?" Akasema mambo ya baraza yana wakati wake, atalileta kikao kijacho, kwa utaratibu.

Kikao kijacho kilimkuta hospitalini, ameshika chupa yako ya maji. Figo zilianza kwa uvimbe wa miguu, tukasema ni kusimama sana jukwaani. Tuliambizana hivyo mpaka haikuwezekana tena. Wewe ndiye uliyetuchekesha wodini. Ulimfundisha nesi wa zamu kughani majina ya dawa. Ulimwuliza Tata mara moja tu, kwa upole, "Wale wa baraza wameshakaa?" Akasema jambo lako bado, lakini ukipona mtaenda pamoja. Ukaitikia kwa kichwa, ukafumba macho. Hukupona.

Kwenye mazishi ulizikwa ukiwa bado chini ya nidhamu. Mchungaji alihubiri vizuri, kwaya iliimba, lakini kuhusu huduma yako kanisani hakuna aliyesimama kusema lolote. Tata alisimama. Alishika maiki, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Wajomba wakamkalisha. Na wale wenye chai yetu mkononi wakaelewa walivyotaka kuelewa.

Mwaka huu wote Tata hakuimba besi. Kwaya ikianza, yeye anafungua kitabu na kukitazama. Tulidhani ni huzuni tu.

Mwezi uliopita ukawa mkutano wa washiriki wote. Tata akasimama, na safari hii sauti ilitoka. Akawasimulia uwanja, tangi, sanduku la spika, jua. Hakuacha kitu. Akasema, "Nilimpigia kura mwanangu kwa jambo ambalo sikuliona. Siku nilipoliona nilinyamaza, nikasema kuna wakati. Naomba mumwondolee nidhamu. Leo."

Mzee Nyangau akasimama polepole, na nitasema kweli, macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee Zachariah, bango nililileta mimi, nami nitalijibu. Lakini aliyelala hapigiwi kura. Hata tukitaka, utaratibu hauna mlango huo."

"Sawa," Tata akasema. "Basi mimi niko hai. Nipigieni mimi. Adhabu ileile niliyompa yeye."

"Kwa kosa gani, Mzee?" mchungaji akauliza.

"Nilimshuhudia mtu uongo. Iko kwenye zile amri kumi, mchungaji. Haihitaji kamati."

Woi! Wanawake wakaanza kunong'ona, wazee wakatazama viatu vyao. Mchungaji akajaribu kusema tuombe kwanza. Tata akasema aliomba mwaka mzima, sasa anataka kura. Mchungaji akauliza, kwa sauti ya mtu anayetumaini hapatakuwa na jibu, ni nani anaunga mkono. Hakuna aliyetikisika. Nani angethubutu? Ni mtu aliyewazika wazazi wa nusu ya watu waliokuwa mle ndani.

Ndipo mama yetu Tryphosa, ambaye kwenye mikutano hiyo hanyanyui hata macho, akanyoosha mkono. Akaushikilia juu. Tata akamwona, akasema, "Ahsante, mama Sheila," kama mtu aliyepewa maji. Mzee Nyangau akanyoosha wa pili. Halafu wengine, mmoja mmoja, wengi wao wakilia. Na mimi nilinyoosha wangu, Masese, nisamehe, sijui kama nilikuwa nampa adhabu au zawadi.

Nyumbani nilimuuliza mama kwa nini. Alikuwa anachambua mboga za chinsaga, hakusimama. "Amekuwa amebeba hicho kitu tangu hospitalini," akasema. "Nilimwona anatafuta mahali pa kukitua, na watu wote wanamheshimu tu."

Kwa hiyo kila mtu asikie. Masese Ombati, Lesoni, hakuimba jukwaani Sabato hata siku moja. Alingoja. Anayesema vingine aje nyumbani amuulize baba yake, atamjibu.

Jumapili hii tutakutana nyumbani Nyamache kwa maombi. Baada ya maombi vijana watafunga spika, na nyimbo zako zitachezwa zote, na lile neno la mkungu wa ndizi litasikika. Majirani, tunawaomba radhi mapema kwa kelele. Tata amesema zipigwe kwa sauti kubwa.

Wanaokukumbuka ni mama yako Tryphosa. Dada yako Sheila, na mwanangu Cynthia uliyemwacha akitambaa na sasa anakimbia. Kaka yako Ochoki. Wajomba na binamu wa Nyamira. Rafiki yako Jeconia Ochanda na vijana wote wa studio. Na baba yako. Nilikuwa nimeandika "Mzee wa Kanisa Zachariah Ombati," kama tulivyoandika kwenye tangazo la mazishi. Ameweka kidole juu ya karatasi.

"Futa hiyo," amesema. "Sasa hivi mimi si mzee wa kanisa."

"Niandike nini, Tata?"

Ameondoa kidole, akasema niandike vile ulivyokuwa ukimtambulisha kwa Jeconia, bila cheo chochote.

Zachariah Ombati, baba yake Lesoni.

Hatutachoka kukukumbuka, mwana wetu, siku zetu zote.